Siku Jeconia Aliposhusha Gitaa

Ukitaka kumkasirisha Jeconia Osewe, mwambie kwamba alikuwa mpiga gitaa hodari. Hilo "alikuwa" ndilo litakalokuletea balaa. Ataweka randa yake chini, akutazame kuanzia viatu hadi utosini, kisha akuulize Jumapili huwa unashinda wapi, maana yeye huwa kwenye ukumbi mmoja wa Kawangware, hapa Nairobi, kuanzia saa tisa alasiri, gitaa begani, na amekuwa huko karibu kila Jumapili kwa miaka thelathini na tano.

Lakini tusidanganyane. Waliomsikia akiwa kijana wanajua kwamba kuna kitu kilibadilika. Wengine husema amezeeka. Wengine, na mimi nimo, tunaona jambo hilo si rahisi hivyo.

Siku za kazi Jeconia ni seremala karibu na Ayany, anatengeneza vitanda. Anaishi mtaa wa Lindi, hapa hapa Nairobi, na mkewe Caren. Bendi yake inaitwa Bati. Jina hilo lilitokana na bati la chumba cha Lusweti, mpiga besi na mwimbaji wao, ambako walifanyia mazoezi ya kwanza. Majirani walikuwa wakilirushia mawe lile bati ili wanyamaze, na wao wakaongeza sauti. Walipiga roki, hapa mtaani ambapo kila mtu alitaka gitaa la kuchezea dansi. Jeconia hakujali. Alitaka mwendo wa kasi na mngurumo, na alivipata vyote viwili. Alikuwa na solo moja ya dakika kumi na moja ambayo watu waliibatiza Treni. Ilianza polepole, ikachanganya, ikafika mahali ambapo vidole vyake havikuonekana tena. Mtu angeweza kutoka nje kununua mutura ya kuchoma, akangoja ikatwe, akala, akanawa, akarudi akamkuta Jeconia palepale, macho kayafumba, jasho linamtiririka, hajui kama kuna binadamu mwingine duniani.

Na hapo ndipo penye kisa.

Wajaluo, watu wa ziwani, wana desturi yao inayoitwa pakruok. Wimbo ukiwa umekolea, mtu huinua mkono. Bendi ikimwona inashusha sauti, gitaa linabaki likizunguka chini kwa chini, na yule mtu anasimama kujisifu: yeye ni nani, mama yake ni binti wa wapi, anatembea na akina nani hapa duniani. Akimaliza, gitaa linamjibu kwa nyuzi mbili tatu, watu wanashangilia, wimbo unaendelea. Mwenye gitaa asipojibu ni kama umemsalimu mtu akakupita.

Jeconia alikuwa Mjaluo kamili, lakini aliona pakruok ni usumbufu. "Sisi ni watu wa roki," alikuwa akisema. "Anayetaka kujisifu aende harusini." Lusweti, ambaye ni Mluhya wa Bungoma na hakuzaliwa na desturi hiyo, ndiye aliyekuwa akimbembeleza ashuke kidogo. Mara nyingine alishuka. Mara nyingi hakushuka.

Mama yake, Filister, alifariki kijijini Desemba ya mwaka wa tisini na saba, ule mwaka wa mvua ya El Niño. Oluoch, kaka yake mkubwa, kifungua mimba wa nyumba hiyo, alikuwa akifanya kazi bandarini Mombasa. Barabara zilikatika vipande vipande. Alipofika nyumbani, mama alikuwa na siku tisa ndani ya udongo. Mtoto wa kwanza ndiye husimama kando ya kaburi akamzungumzia mama, na Oluoch hakusimama. Maneno yake yote yalibaki kifuani.

Aprili iliyofuata alikuja Nairobi. Hakwenda kwanza kwa mtu yeyote. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi akaenda moja kwa moja Kawangware, akaketi, akangoja bendi ikolee, akainua mkono. Lusweti alimwona, akamfikishia maiki, akamgusa Jeconia begani.

Jeconia alikuwa dakika ya saba ya Treni. Alifumbua macho. Alimwona kaka yake amesimama na maiki mkononi. Akajiambia, ah, ni Oluoch tu, atangoja. Akafumba macho tena, akakanyaga pedali, sauti ikapanda.

Oluoch alizungumza. Watu waliona midomo yake ikienda, ila hakuna aliyesikia neno. Alipomaliza alisimama kidogo akingoja jibu lake, kisha akaiweka ile maiki mezani taratibu, kama sahani ya kuazima, akatoka.

Kesho yake Lusweti alikuja kwenye kibanda cha useremala cha Jeconia. "Jeco, alikuwa anataja mama yenu. Niliona kwa mdomo."

Jeconia aliona aibu, na aibu hiyo, kama ilivyo kawaida yetu wanaume, ilivaa koti la hasira. "Si angengoja? Zilikuwa zimebaki dakika nne tu!"

Hakuomba msamaha wiki hiyo. Wiki iliyofuata ikawa vigumu zaidi, na mwaka uliofuata ingekuwa kama kufukua kitu kilichokwisha kuzikwa. Baadaye Oluoch alihamia Nairobi, akapata kazi ya ulinzi, akapanga chumba Kisumu Ndogo, mwendo wa dakika kumi kutoka Lindi. Walisaidiana kama ndugu. Walikula samaki pamoja siku za Krismasi. Oluoch ndiye aliyemsindikiza Adhis, binti ya Jeconia, siku ya harusi yake. Lakini muziki haukutajwa kati yao. Redio ikipiga gitaa, Oluoch aliinuka kwenda kutafuta chumvi, hata kama chumvi iko mbele yake. Na Kawangware hakukanyaga tena.

*

Sasa nije kwenye vidole.

Jeconia alipofikisha miaka hamsini na miwili, kidole chake cha pete cha mkono wa kushoto kilianza kugoma. Kilikataa kujikunja asubuhi, halafu kikakataa na jioni. Nyundo na baridi ya Juni vilikuwa vimeshirikiana. Kwa miaka kadhaa alificha. Pale vidole vilipokosa kufika, aliongeza sauti, akakanyaga pedali, akatikisa kichwa, na mashabiki wakashangilia kelele wakidhani ni ufundi. Yeye alijua. Kila Jumapili alirudi nyumbani amechoka kwa uongo kuliko kwa kazi.

Kisha Jumapili moja stima ikapotea katikati ya wimbo. Spika zilikufa. Jeconia, kwa mazoea tu, aliendelea kupiga, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akajisikia mwenyewe: nyuzi kavu, kidole kimoja kikiburuta mguu. Lakini alisikia na kingine. Alisikia kiti kikisogezwa, chupa ikiwekwa mezani, mwanamke akimcheka mumewe. Alisikia watu wakinyamaza mmoja mmoja, wakiinama mbele ili wasikie. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa amewajengea ukuta.

Hakubadilika siku hiyo. Mtu mkaidi habadiliki kwa siku moja. Ila alianza kuacha noti zile ambazo kidole hakikuzifikia, badala ya kuzifunika. Akagundua kwamba zikiachwa vizuri, hakuna anayezikosa. Akalegeza nyuzi nusu sauti. Akaanza kupiga ameketi kwenye stuli. Wazee wa zamani walinung'unika. Antony, mwenye bucha, alikuwa akipaza sauti kutoka nyuma, "Jeco! Umelala?"

Lavender, binti wa miaka ishirini na nne anayesuka nywele siku za kazi na kupiga ngoma Jumapili, alimuuliza wiki yake ya kwanza kwenye bendi, "Mzee, hapo kati umeacha mashimo mob, mengi sana. Nijaze?"

"Usijaze. Ngoja hapo na mimi."

"Tunangoja nini sasa?"

"Ngoja tu."

Alingoja huku akimwona mzee akili hazimtoshi. Baada ya mwezi mmoja aliacha kuuliza.

Na siku moja Christine, muuza omena, aliinua mkono. Kabla Lusweti hajamgusa bega, Jeconia alikuwa ameshashuka. Alishuka hadi chini kabisa, akamwachia yule mama ukumbi mzima, na alipomaliza kuwasifu wajomba zake wa Gem, akamjibu kwa uzuri hadi mama akafuta machozi kwa aproni. Lusweti nusura aangushe besi. Tangu hapo sifa zikaenea kwamba pale Kawangware kuna mzee wa roki anayejua kumshikia mtu maneno yake. Watu wakawa wanakuja kwa ajili hiyo.

Jeconia hakumwambia mtu kwamba kila aliyesimama, awe nani, yeye alimwona amevaa shati jeupe.

*

Mwaka huu Oluoch aliamua kurudi nyumbani, kabisa. Ana miaka sabini na mitatu na magoti yamekwisha. Angeondoka Jumanne. Alhamisi Jeconia alienda Kisumu Ndogo kumsaidia kufungua kitanda, kitanda ambacho yeye mwenyewe alikitengeneza. Walifungua skrubu bila haraka, mmoja huku, mwingine kule.

"Jumapili tuko Kawangware," Jeconia alisema, akiitazama skrubu.

"Najua. Mko huko kila Jumapili."

"Ukipata nafasi."

Oluoch aliweka skrubu kwenye kopo. "Haya magoti hayapendi kukaa sana."

"Kuna viti vizuri siku hizi."

"Tutaona, omera, ndugu yangu."

Hapo ndipo neno lilipaswa kutoka. Jeconia akaomba nyundo badala yake.

Alirudi Lindi na moyo mzito. Aliogopa, na alijua anachoogopa: kaka yake akishapanda basi, wangebaki kukutana matangani tu, na tanga la mwisho lingekuwa la mmoja wao. Akajitungia mpango. Angempigia Oluoch Treni, nzima, dakika zote kumi na moja, kama zamani. Ijumaa na Jumamosi alichovya mkono kwenye maji moto, akameza dawa ya maumivu, akapiga hadi jirani akagonga ukuta.

Caren alimtazama akiwa anasonga ugali. "Baba Adhis, hiyo treni unapeleka wapi?"

"Nataka Oluoch aisikie hata mara moja ikiwa imekamilika."

"Si alisikia? Hiyo ndiyo kitu peke yake alisikia siku hiyo." Aligeuza ugali. "Ama unafikiria alitoka kwa sababu ulipiga vibaya?"

Jeconia alimkasirikia hadi ugali ulipoiva, kwa sababu alikuwa amesema kweli na hakuna kitu kinachoudhi kama hicho. Lakini mpango wake hakuuacha.

*

Jumapili ukumbi ulijaa. Lusweti alikuwa amewadokezea watu, na wazee wa zamani walifika wamechana nywele, wale waliobaki nazo. Saa kumi hivi Oluoch aliingia. Alivaa shati jeupe. Si lile, lile lingekuwa limeshakuwa matambara, lakini jeupe. Aliagiza soda ya tangawizi akaketi karibu na mlango, mahali anapoketi mtu ambaye hajaamua.

"Jeco!" Antony alifoka. "Treni! Leo hatubembelezi mtu!"

Jeconia alianza. Na ajabu ni kwamba kidole kilikubali. Maji moto, dawa, woga, sijui ni kipi, lakini kidole kilijikunja. Dakika ya kwanza ilipita safi. Dakika ya pili ikachanganya. Watu walisimama juu ya viti. Lavender, ambaye alikuwa hajawahi kumsikia mzee hivyo, alicheka kwa sauti huku akipiga. "Mzee umeamka!" Dakika ya tatu Jeconia alikuwa anaruka, na furaha ilimjaa kiasi kwamba angeweza kulia. Hakuwa na miaka sitini na sita. Hakuwa na kidole kibovu. Akafumba macho.

Na humo gizani akapatambua. Alishawahi kuwa hapo. Pazuri, pana joto, na hapana mtu mwingine.

Akafumbua macho. Oluoch alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, kama mtu anayejiandaa kuinuka. Alikuwa anautazama mlango.

Jeconia alishusha gitaa. Alilishusha pale pale panaponoga, kabla tu ya kile kilele ambacho kila mtu alikuwa anakisubiri. Akaachia pedali, akazungusha kitufe cha sauti nyuma, akaangukia nyuzi mbili tu, zile zinazozunguka zikingoja mtu. Ukumbi mzima ulisema "Aaah!" kama watoto walionyang'anywa kitu. Lavender alimtazama, akahamisha fimbo kwenye ukingo wa ngoma, akangoja naye.

Hakuna aliyeinua mkono. Nyuzi zilizunguka. Antony, ambaye ukimya humwasha, aliona heri asimame yeye. Akawasifu wakwe zake, akaisifu bucha yake, akamsifu ng'ombe fulani wa mwaka juzi. Jeconia alimpa nafasi yake yote akamjibu vizuri, maana ndivyo kazi inavyofanywa. Kisha akarudi kuzunguka.

"Kuna mwingine?" Lusweti aliuliza kwenye maiki.

Oluoch alitazama ndani ya glasi yake. Dakika zilipita. Kidole kilianza kuuma, kisha kikauma sana. Baadhi ya watu walirudi kuzungumza. Jeconia hakuacha. Akasogeza stuli hadi kwenye maiki ya Lusweti, yeye ambaye miaka yote hakuwahi kusema neno jukwaani, akasema huku akipiga:

"Kuna mtu alisimama hapa mwaka wa tisini na nane. Nilimwona. Nilifungua macho nikamwona vizuri, na sikushuka. Ni ndugu yangu. Oluoch, nisamehe. Sasa nimeshuka."

Gumzo lilikatika. Watu wengi hawakujua ni habari gani, lakini walijua kunyamaza.

Oluoch akaegemea meza, akainuka, goti moja kwanza, la pili baadaye. Lusweti alimpelekea maiki. Akaikataa kwa kichwa. Jeconia akazidi kushusha hadi spika haikutoa kitu, zikabaki nyuzi kavu zenyewe.

"Mimi naitwa Oluoch," alisema. "Mama yangu ni Filister, nyar Ugenya, binti wa Ugenya. Huyo mama alikuwa anapikia watoto wote uji, haulizi ni wa nani. Huyo mama hakuwahi kunichapa bila kunishika mkono baadaye." Akavuta pumzi. "Sikumzika. Mimi mtoto wa kwanza. Mvua ilinifunga Mombasa. Nilifika siku tisa zimeisha, nikajua watu wamenisema vibaya. Lakini watu waliniambia kitu ingine. Waliniambia mdogo wako alikataa mtu yeyote asiguse udongo. Alishika mkono wa kwanza wa udongo akasema, hii ni ya Oluoch. Akatupa. Ndiyo akainama tena, akashika ingine, akasema, hii sasa ni yangu."

Nyuzi zilikuwa bado zinazunguka, ingawa Jeconia hakujua tena ni nani anayezipiga.

"Kwa hivyo nilikuja hapa siku ile kujisifu," Oluoch aliendelea. "Nilikuwa na sifa moja tu, sina ingine mpaka leo. Mimi ni ndugu ya huyo. Huyo mwenye gitaa."

Miaka ishirini na sita Jeconia aliamini kwamba alifunika sifa za mama yake. Kumbe mle ndani ya kelele zake alikuwa amefunika pia shukrani aliyopewa yeye mwenyewe, iliyotolewa mbele ya watu, kwa jina lake, na mtu aliyepiga shati pasi ili aje aitoe.

Desturi inadai jibu. Ukumbi mzima ulingoja. Lavender alikuwa ameinua fimbo hewani hajaishusha. Jeconia hakuziona nyuzi, macho yalikuwa yamejaa, na kidole cha pete kilikuwa kimeshakata tamaa. Akatafuta kwa vidole vilivyobaki. Alipiga noti nne, polepole, akaiachilia ya mwisho iende hadi iishe yenyewe.

Oluoch aliisikiliza mpaka mwisho, akiwa amesimama. Kisha akaketi, akavuta soda yake karibu, akakisogeza kiti mbali na mlango.

"Haya," alisema. "Nimemaliza. Sasa piga."